Dalili Nilizomwekea Mume Wangu

Nikiulizwa habari za mwaka ule wa waasi, huwa nakasirika. Watu wanataka bunduki. Wanataka niseme nani alikimbilia mlimani, nani alivuka ziwa na godoro kichwani, nani alimsaliti nani. Hayo yalikuwepo, sikatai, lakini wamekwisha kuyasimulia wenye sauti kubwa kuliko yangu. Kichwa changu mimi kilishika vitu vidogo, vya kijinga kabisa. Nakumbuka maua ya mwembe yaliyoniangukia begani nikifagia. Nakumbuka siku upepo ulipogeuka. Ukitaka nikueleze vita nitakueleza hayo, na usipoyataka nenda kaulize kwingine.

Kiangazi kikifika mwisho, Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, huwa chafu. Huko juu watu wanachoma nyasi na moshi unashuka. Huku chini vumbi la uwanda wa Ruzizi linapanda. Vinakutana juu ya ziwa na kukaa hapo wiki baada ya wiki. Milima ya Burundi ng'ambo inapotea, utadhani wameiuza. Midomo inapasuka, nguo uliyoanika safi unaianua ina masizi, na mto Mulongwe unabaki mawe matupu na kijito ambacho unakivuka bila kupandisha kitenge. Kila mtu ana hasira na hajui ya nini. Halafu, kabla mvua yenyewe haijafika, vitu vinaanza kubadilika kimoja kimoja, na mwenye kutazama ataviona.

Mume wangu alikuwa mtu wa kutazama. Alikuwa karani wa pamba. Wazungu walipoondoka walimwachia mizani na funguo za ghala, naye akaendelea kupima pamba za wakulima kama kawaida, suruali imepigwa pasi, kalamu mfukoni. Ungemwona barabarani ungesema huyu ni mtu wa maana sana. Kumbe nyumbani alikuwa na mchezo wake ambao mama yake aliuita utoto. Mwezi wa nane ukianza kuzeeka, tunashindana nani ataona dalili ya mvua kabla ya mwenzake. Lazima iwe kitu ulichokiona au kukinusa mwenyewe, si cha kusikia kwa watu. Anayetangulia anasema, "Nimeona," na mwenzake jioni ile anachota maji.

Mwaka wetu wa kwanza nilimshinda kwa mwembe. Niliona kikonyo kimoja cha maua upande wa nyuma wa nyumba, upande ambao yeye hapiti. Alibisha wee, mwisho akakubali. Akachukua ndoo, karani mzima na viatu vyake vyeusi, akashuka mtoni saa ambayo wanawake wa mtaa wote wapo. Waliangua kicheko hadi mmoja sabuni yake ikaenda na maji. Yeye akajaza ndoo, akawasalimu mmoja mmoja, akapanda nayo huku nusu ikimmwagikia suruali. Nilimpenda sana siku ile, sikumwambia.

Viangazi viwili tu tulikaa pamoja. Cha tatu ndicho kile.

Walikuja mwezi wa tano, mchana, wanaume wanne wa waasi, wapole tu. Walisema wakubwa wao huko uwandani wanahitaji mtu wa kuandika barua, siku chache, atarudi. Walikuwa wamekwisha kumchukua na mpimaji mwenzake, alikuwa amesimama barabarani anawangoja. Mume wangu alivaa viatu, akafunga kamba bila haraka, akanitazama usoni akasema nisisahau kumwaga maji kwenye nyanya. Nyanya! Nikamjibu sawa. Hayo ndiyo tuliyoagana nayo, mimi na mume wangu.

Sikulia. Watu wakanisifu eti nina moyo mgumu. Moyo mgumu wapi? Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu: unajua ni wako, unauona uko hapo, lakini ukiukanyagia hausikii kitu. Nilifagia. Nilipika. Nilimwagia nyanya maji mpaka zikaiva, nikazila bila kujua ladha yake. Mtu akinisalimu nilijibu vizuri, na akishapita sikumbuki alikuwa nani.

Mama mkwe alishuka kutoka kwao, kule juu upande wa Lemera, kwa njia ya miguu, na mfuko wa muhogo mkavu kichwani. Alisema amekuja kumngoja mwanawe na mimi. Kusema kweli hatukupendana. Aliniona msichana wa kando ya ziwa asiyejua kushika jembe. Mimi nilimwona mwanamke wa mdomo mkali, na mdomo wake ulikuwa mkali kweli. Hakuniita kwa jina wala kwa heshima yoyote, nilikuwa "weye". Weye, moto umezimika. Weye, chumvi umetia mara mbili. Lakini nyumba ikawa na sauti, na hilo nalo lilikuwa kitu.

Juu ya jiko letu kulikuwa na kibuyu cha maharagi ya mbegu. Hapa nieleze vizuri, maana kila kitu kinasimama hapa. Kwa ukoo wa mume wangu, mbegu ni za mwenye nyumba. Wakivuna, yeye ndiye anayechagua punje nzuri kwa mkono wake, anazichanganya na majivu, anaziba kibuyu na kukitundika kwenye moshi kingoje mvua. Akiwa hai, hata akiwa mbali namna gani, mke wake atazipanda mbegu hizo na shamba ni lake. Akifa, mbegu alizozishika hazirudi tena ardhini. Zinapikwa zote kwa siku moja, watu wa nyumba wanazila, kisha mbegu nyingine zinaombwa kutoka nyumba ya watu wengine. Ndivyo walivyofanya kwa baba mkwe, na kwa baba yake. Hakuna anayebisha jambo hilo, kama vile hakuna anayebisha kwamba maiti huoshwa.

Kwa hiyo kibuyu kilipokuwa kimetundikwa, mume wangu alikuwa hai. Kila asubuhi mama mkwe alinyoosha mkono akakigusa tumboni, kidogo tu, kabla ya kuchochea moto. Mimi nilijifanya sioni.

Njaa nayo ikaja. Mitumbwi ilikuwa imechukuliwa, ya kuvua ndakala, dagaa wetu, imebaki michache, na samaki wachache waliopatikana walikuwa wa wenye bunduki. Sokoni ulikuta wanawake wamekaa mbele ya mikeka mitupu, wanakaa tu kwa mazoea. Tulikula muhogo mkavu, asubuhi na jioni, na matembele yaliyokuwa yamebaki karibu na maji. Muhogo ukaanza kupungua. Na juu ya vichwa vyetu, maharagi mazuri mekundu, kilo labda tatu, yanapata moshi.

Siku moja sikuweza. Nilisimama juu ya kinu, nikashika kibuyu, nikasema tutoe kikombe kimoja tu, kimoja, kitabaki cha kupanda. Sikuona mama mkwe alipotokea. Alinipiga mkono kwa mwiko wa ugali, nikashuka kwenye kinu kwa magoti.

"Weye, unataka kumuua mutoto wangu?"

Nilimwangalia. Sikusikia maumivu wala aibu. Nikarudisha kinu mahali pake, nikaenda kuchuma matembele.

Basi mwezi wa nane ukazeeka. Asubuhi moja niko uani nafagia, upepo uliokuwa ukitoka kusini miezi yote ile ukakatika. Ukakaa kimya kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu ukaja mwingine, laini, kutoka upande wa milima. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimeona." Peke yangu, na ufagio mkononi. Nilijionea hasira! Mume wangu sijui analala wapi, mimi nacheza mchezo. Nikafagia ua ule mpaka udongo ukachubuka.

Lakini macho hayana adabu. Kesho yake yakaona sisimizi wanahamisha mayai kutoka bondeni kwenda juu ya ukuta wa jiko. Siku ya tatu mwembe ukaniangushia vile vijiua vyake begani, vidogo kama pumba, vinanuka asali kidogo. Nikakata shauri: nitamwekea. Zote nitazishika kichwani kwa mpangilio, na siku atakayorudi nitamsomea moja baada ya nyingine, naye atachota maji mpaka Noeli. Nikaanza kutazama kwa makusudi.

Usidhani nilikuwa na furaha. Nilikuwa naona kitu kizuri, najua ni kizuri, na kinanifikia kwa mbali, kama mtu anayekugusa juu ya koti nene. Nilipanda mteremko ulioungua kutafuta kuni, nikakuta yale maua mekundu ya mviringo yametoka kwenye majivu bila jani hata moja, kichwa tu na shina, manne. Nikachuchumaa mbele yake kwa muda mrefu. Nikasema hii ni dalili ya tisa. Nikainuka, nikafunga kuni zangu. Asubuhi nyingine ukungu wa ziwa ulipasuka mahali pamoja nikaona kipande cha mlima wa ng'ambo, kijani kibichi, saa nzima kabla hakijafunikwa tena. Hiyo ya kumi na moja. Ndege wadogo wa manjano wakaanza kuiba nyuzi kwenye mkeka wangu kwenda kujengea, nikawaacha waibe.

Mama mkwe nilimwambia mara moja, bahati mbaya, kuhusu yale maua. Aliniuliza kama tutayapika na chumvi au bila chumvi.

Ikaja Jumapili moja akatoka kanisani akapitia sokoni, akachelewa. Aliporudi alikaa kwenye kigoda nje, hakuingia. Nikampelekea maji, akanywa yote. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema jua limempiga kichwa. Kwa kweli jua lilikuwa kali. Nikamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso na hakunisukuma, jambo lililonishangaza.

Kesho yake jioni, tunamenya muhogo, akaniuliza nimeona nini leo. Nilidhani ananikejeli. Nikamjibu sijaona kitu. Akauliza tena, taratibu, macho kwenye kisu chake. Nikamwambia kuhusu ndege wa mkeka. Akataka kujua ni wangapi. Akataka kujua kama ni dume au jike anayejenga, na mume wangu angelikubali hilo kuwa dalili au angelibisha. Nikasema angebisha tu, yule hakubali kitu mpaka ashindwe kabisa. Nikamsimulia habari ya ndoo, viatu vyeusi, sabuni iliyokwenda na maji. Hajawahi kuisikia. Akacheka mpaka akajifuta macho na upindo wa kitenge, na mimi pia kitu kikanipanda kooni kikatoka kama kicheko. Kilikuwa kibaya, kimekwaruza, lakini kicheko.

Tangu hapo kila jioni aliniuliza. Alianza kuniwekea mimi kipande kikubwa cha muhogo, yeye akala kidogo akisema uzee hauli. Aliacha kunifokea. Alilima shamba letu kule chini ya mlima kwa nguvu ambayo sikuielewa, mwanamke wa umri ule, jembe juu jembe chini, hasemi, hapumziki, mpaka nikamnyang'anya jembe. Asubuhi hakugusa tena kibuyu. Nikafikiri ni mkono umechoka na kulima. Nikajisemea, haya, mwishoni amenipenda. Nikajivuna hata! Nikaliongeza hilo kwenye zile habari nitakazomsomea mume wangu: mama yako sasa ni rafiki yangu, utaamini? Mjinga mimi.

Jumapili mbili zikapita. Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa Mulongwe nafua. Mbingu juu yetu nyeupe, hakuna wingu, jua linachoma mgongo. Nilikuwa nimeingiza mikono kwenye maji nasuuza kitenge, nikasikia baridi. Maji ya kiangazi yana uvuguvugu; haya yalikuwa na baridi. Nikainusa mikono, ikanuka udongo, udongo mbichi, wa mbali. Kisha nikaona uzi wa rangi ya chai unapita katikati ya kijito, ukapanuka, ukaja na majani makavu na povu na vijiti vilivyoungua. Ilikuwa imenyesha milimani. Mvua bado haijatufikia lakini mto umeshaileta. Wanawake wote tukanyakua nguo zetu tukapanda juu ya mawe, maana mto ule ukija hauulizi mtu, na tukasimama pale tunayatazama maji yakipanda, tunapiga vigelegele.

Nilifurahi. Nalisema wazi maana nimelificha miaka mingi. Miguu yangu ilikuwa baridi na niliisikia, yote miwili, kila kidole. Hii ni dalili ambayo mume wangu hakuwahi kuiona kabla yangu wala ya mtu yeyote, kwa sababu saa ile alikuwa kazini siku zote. Nilimshinda kabisa! Na kulikuwa na kazi: mvua ingefika jioni au kesho, na mtu mwenye akili anapanda maharagi kabla haijafika. Niliacha nguo nusu juu ya jiwe nikakimbia kwenda kushusha kibuyu.

Uani nilimkuta jirani yetu, mke wa mfanyabiashara Mwislamu wa nyumba ya pili, mwanamke mkimya ambaye mara nyingine alitupa majani ya chai. Alikuwa amesimama na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nikamwambia nikihema kwamba mto umekuja, mto umekuja na mvua iko njiani. Aliinamisha kichwa. Akaweka kikapu chini karibu na mlango, kwa mikono miwili, akapita kando yangu akaenda. Kitambaa kilikuwa kimesogea. Ndani ya kikapu mlikuwa na maharagi meupe, ya kupanda.

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Kabla sijaingia nilikwisha kujua, lakini miguu iliingia yenyewe.

Kibuyu kilikuwa sakafuni, kimepasuliwa, majivu yamemwagika. Chungu kikubwa kilikuwa motoni kinachemka. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele yake na kamba imefungwa kiunoni juu ya kitenge, kama wanavyojifunga kwao wakifiwa.

"Kaa, mutoto wangu," akasema.

Nikakaa. Nikamuuliza tangu lini. Akasema Jumapili mbili. Yule mpimaji mwenzake aliyechukuliwa naye alitoroka, akapita sokoni usiku wake wa mwisho kabla ya kuvuka ziwa, akaacha neno kwa mwanamke wa kuuza chumvi, naye akampa mama mkwe. Mume wangu alifia Kamanyola, huko uwandani. Wiki ile ile ya kwanza. Hakuandika hata barua moja. Watu wa huko walimzika vizuri, karibu na mti, na viatu vyake.

Wiki ya kwanza. Nikahesabu. Nyanya zilikuwa bado kijani. Upepo, sisimizi, maua ya kwenye majivu, mlima wa ng'ambo, yote yale nilimwekea mtu ambaye alikuwa chini ya ardhi tangu mvua za mwisho.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikoroga chungu kwanza.

"Nilikuona unaanza kuona vitu. Nikasema minye nitangoja, nimwachie siku chache. Sasa mvua iko inakuja, siwezi tena. Mbegu yake haiwezi kuingia mu udongo."

Siku kumi na nne alikuwa amebeba msiba ule peke yake, na kila jioni ananiuliza habari za ndege. Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika, sikujua namna. Ganzi ilikuwa imekwisha kurudi, naisikia inavyopanda kutoka miguuni, magotini, tumboni, na niliiacha ije.

Alipakua sahani ya kwanza akanipa mimi, na yeye hakuanza mpaka nilipoanza. Yalikuwa yameiva vizuri. Alikuwa ameyatia mawese, sijui aliyatoa wapi, na kitunguu. Juu ya bati matone ya kwanza yalianza kugonga, machache, mazito. Nilitaka punje zile zinikwame kooni, nilizisubiri zinikwame. Lakini miezi minne sikuwa nimekula chakula kama kile, na zilishuka zote. Nilimaliza sahani, nikaikwangua kwa kidole, nikaomba aniongeze.